Mtaa Ulionenepa kwa Miezi Minne

Jina la Mama Pindo halikutokana na mtoto. Mtoto alikuwa naye, mmoja tu, wa kike, lakini jina lilitokana na tabia. Nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajaushika upindo wake na kuuvuta mara mbili kwa nguvu, mbele ya mwenye nguo, ili mwenyewe ajionee kwamba hakuna uzi uliolegea. Wateja walianza kumtania, utani ukakomaa ukawa jina, na jina likaishia kwenye kibao juu ya mlango wa chumba chake cha kazi. Wapo waliohamia mtaani miaka ya karibuni wakadhani Pindo ni mwanawe wa kwanza, wakamwuliza anasoma wapi. Huwajibu kwamba Pindo alishamaliza shule.

Chumba chenyewe kilitosha cherehani mbili, kioo kirefu, pasi, rafu ya vitambaa na mteja mmoja asiye na papara. Cherehani ya kwanza ilikuwa ya miguu, nyeusi, aliyoanzia kazi. Ya pili ilikuwa ya umeme na hakuiamini sana, ila aliitumia mbele ya wateja vijana ili wasimwone wa zamani. Ukutani palikuwa na msumari mmoja ambao haukutundikwa chochote ila futi, yaani ule utepe wa kupimia, na ole wake atakayetundika kofia pale. Upande wa pili wa ukuta alikuwa seremala aliyeitwa Randa. Vumbi la mbao lilipita chini ya mlango likaja kwa fundi cherehani, na vipande vya nyuzi vikaenda kwa seremala, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye mchafu.

Alikuwa ameshona miaka thelathini na moja. Mumewe alipofariki binti alikuwa na miaka minne, na tangu hapo ada, kodi, unga na daftari vilitoka chini ya sindano ile. Yule mtoto hakuwahi kuvaa nguo ya dukani mpaka alipoanza kujilipia mwenyewe. Sare za shule, koti la baridi, hata mkoba wa vitabu, vyote vilipita kwenye cherehani ya miguu. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwanamke huyu alikuwa na kiburi kidogo, usishangae. Alikuwa na haki nacho.

Kiburi chake kikubwa kilikuwa kwenye vipimo. Wako mafundi wanaoandika vipimo vyako mara moja daftarini wakakushonea kwavyo miaka kumi. Mama Pindo alikupima upya kila ulipokanyaga mlangoni, hata kama ulikuja juzi. "Mwili si ukuta," alisema. Na mteja akijitetea kwamba hajabadilika, alimpa jibu ambalo mtaa mzima ulilijua kwa moyo: "Mdomo hudanganya, futi haidanganyi."

Futi yake ya zamani ilikuwa ya chapa ya Tausi Watatu, na ilikuwa imechoka. Tarakimu zilifutika kabisa kati ya ishirini na sita na thelathini na nne, pale ambapo viuno vya watu wengi huangukia, hata ikambidi ahesabu kwa kidole kuanzia ishirini na tano. Binti yake, ambaye sasa alikuwa muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwa amemnunulia simu nzuri na kumfundisha kununua vitu mtandaoni. Alimfundisha vizuri, si kwa haraka. Mama, tazama kwanza duka limefunguliwa lini. Soma malalamiko kabla hujasoma sifa. Na usimlipe mtu nje ya soko lenyewe, hata akikulilia.

Na mama alifuata. Aliponunua pasi alimwuliza muuzaji maswali kwa siku mbili, mpaka muuzaji akamwita mwalimu. Alipotaka mkasi aliukataa kwa sababu picha haikuonyesha skurubu ya katikati. Lakini alipoona futi mpya, chapa ileile ya Tausi Watatu, kwa theluthi ya bei, akili yake ilimletea hoja ambayo kwa kweli ni hoja nzuri, na hapo ndipo ilipomponza. Watu wanaghushi simu. Wanaghushi manukato, viatu, hata dawa. Nani mwenye akili zake atakaa chini aghushi futi?

Akabonyeza. Hakutazama kwamba duka lile lilikuwa na umri wa wiki mbili. Hakuona kwamba sifa zake nane ziliandikwa siku moja, na tano kati yake kwa maneno yaleyale. Siku ya nne mzigo ukafika katika kisanduku kizuri chenye tausi wake watatu. Futi ilikuwa ya manjano, laini, namba nyeusi nene. Mama Pindo aliishika ncha mbili akaivuta mara mbili, kama ilivyo desturi yake, na ikastahimili. Akafurahi hata akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akaandika maoni. "Mimi ni fundi wa miaka thelathini na moja. Futi hii ni imara na namba zinasomeka hata bila miwani. Nunueni bila wasiwasi." Akaweka nyota tano. Kisha akachukua ile ya zamani akaikata vipande, akafungia mabunda ya vitambaa, maana kwake hakuna kitu cha kutupwa.

Baada ya hapo mtaa ukaanza kunenepa.

Alianza mwalimu wa shule ya jirani, aliyekuja kushonewa sketi. "Mwalimu, umeongeza inchi moja na nusu kiunoni." Mwalimu akakana, akapewa lile jibu la mdomo na futi, akaondoka, na tangu siku ile akaacha sukari kwenye chai. Akafuata mama mwenye duka la dawa, mbili kasoro nyongani. Huyo alianza kutembea kila asubuhi, akizunguka uwanja wa shule kwa viatu vya mwanawe. Wiki ya tatu Mama Pindo alijipima mwenyewe mbele ya kioo, akajikuta ameongeza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akajihukumu kama alivyohukumu wengine, akaacha kujipakulia mara ya pili.

Nguo zenyewe zilikaa vizuri, na kwa nini zisikae? Futi iliyopima mwili ndiyo iliyopima kitambaa. Uongo ulioana na uongo mwenzake wakaishi kwa amani. Kitu pekee kilichomshangaza ni muuza vitambaa wa sokoni, mtu aliyejulikana kwa mkono wa birika, ambaye siku hizi mita zake tatu zilikuwa tatu na ziada kila zikipimwa. Mama Pindo alimsifia hadharani kwamba amebadilika. Muuza vitambaa, ambaye hakuwa amebadilika hata kidogo, alipokea sifa bila kuuliza.

Basi katikati ya unene huo binti akapiga simu kusema anaolewa. Mchumba alikuwa mtaalamu wa maabara hapohapo kazini kwake, kijana mpole ambaye mama alishamwona mara mbili na kumpitisha. "Gauni utashona wewe, Mama," alisema binti. "Sitaki la mtu mwingine."

Mama Pindo alikuwa na kitambaa cheupe alichokihifadhi sandukuni miaka sita kwa ajili ya siku hiyo, bila kumwambia mtu. Shida ilikuwa moja tu: zamu. Binti asingepata ruhusa ya kusafiri mpaka wiki ya harusi yenyewe. Akapimwa na mwenzake anayeishi naye, kwa futi ya mwenzake huyo, akatuma namba kwa simu. Kifua thelathini na sita, kiuno thelathini, nyonga arobaini. Mama akakata kitambaa mchana, akiwa peke yake, mlango umefungwa. Alishona siku kumi na moja. Akalifunga gauni katika karatasi laini, akalituma kwa basi.

Simu ikaja jioni ya siku ya pili.

"Mama, zipu haifungi. Imebaki wazi vidole viwili."

"Umenenepa, mwanangu."

"Nimepimwa wiki mbili zilizopita, Mama. Namba ni zilezile."

"Huyo mwenzako hajui kupima. Mwaka huu kila mtu amenenepa, hata mimi. Punguza kidogo, zipu itafunga yenyewe. Mdomo hudanganya..."

"Futi haidanganyi. Najua. Sawa, Mama."

Kuna sawa ya kukubali na kuna sawa ya kufunga mlango. Hii ilikuwa ya pili, na mama aliisikia. Alijua pia kwamba neno lile lilikuwa na historia. Tangu binti akiwa na miaka kumi na mitatu alimsimamisha mbele ya kioo kila mwezi na kumsomea namba zake kwa sauti, wateja wakisikia, kama bei ya vitunguu. Hakuona ubaya. Ilikuwa kazi. Ubaya aliuona miaka mingi baadaye, na kufikia hapo hakujua aanzie wapi kuutaja.

Wiki tatu zilipita kwa salamu fupi. Kisha gauni likarudi kwa basi, limekunjwa vizuri kuliko lilivyokwenda, na ujumbe kwenye simu: "Mama, usihangaike tena. Nimepata gauni mtandaoni, nitavaa hilo." Zilikuwa zimebaki wiki tano. Mama Pindo alilitundika gauni nyuma ya pazia ili asilione, akamjibu mwanawe neno moja: sawa. Aliumia. Alikuwa amewashonea mabibi harusi wa mtaa ule hata hesabu ikampotea, na wa kwake angevaa nguo ya mtu asiyemjua.

Mtu akiumia hutafuta kazi. Yeye alitafuta meza. Kwa miaka yote alikatia kitambaa juu ya ubao uliowekwa juu ya mapipa mawili, na sasa akaamua kwamba ubao ule ndio unaomharibia kazi. Akapima nafasi kati ya ukuta na mlango, akaenda kwa Randa. "Inchi sabini na mbili, Fundi. Si moja zaidi." Randa akaandika kwa penseli kwenye mkono wake, kama kawaida yake.

Alhamisi asubuhi Randa na mtu wa kumsaidia wakaingiza meza. Ilikuwa meza nzuri, mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza. Wakaisukuma mpaka ukutani, na upande wa pili ikaufunika mlango kwa inchi tatu nzima. Ungeingia chumbani kwa ubavu.

"Nimekuambia sabini na mbili," akasema Mama Pindo.

"Na hii ni sabini na mbili."

"Hii ni sabini na tano." Akaitoa futi yake ya manjano kwenye msumari, akapima mara mbili, kwa kuwa haikufika mwisho wa meza. "Sabini na tano! Njoo usome, au unataka miwani yangu?"

Randa hakuwa mtu wa hasira. Alichomoa tepu yake ya chuma mfukoni, akainasa kwenye ukingo wa meza, akaivuta. Sabini na mbili kamili, wala hapakuwa na ubishi.

"Mama Pindo," alisema taratibu, "mimi nimetengeneza milango ya nusu ya mtaa huu. Kama tepu yangu ingekuwa mbovu, watu wangelala nje."

"Na mimi nimevalisha mtaa wote. Kama futi yangu ingekuwa mbovu, watu wangetembea uchi!"

Yule msaidizi akacheka, akaambiwa akasubiri nje. Randa akafanya kitu ambacho mtu yeyote angefanya mapema kama si kiburi kilichokuwa kimejaa chumbani. Alilaza tepu ya chuma mezani, akalaza futi ya manjano kando yake, ncha kwa ncha, akaishikilia kwa kidole gumba. Zikaanza pamoja. Kwenye kumi zilikuwa zimeshaanza kuachana kidogo. Kwenye thelathini pengo lilionekana bila miwani. Futi ya Mama Pindo ilipofika mwisho, sitini, ya chuma ilikuwa bado iko hamsini na saba na nusu.

Wakatazama wote wawili.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Randa, akianza kucheka. Kisha akaona uso wa jirani yake, akaacha. Akavuta kigoda, akamkalisha.

Mama Pindo alikaa muda mrefu mikono magotini. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu ilikuwa nyepesi. Thelathini ya futi ile haikuwa thelathini. Ilikuwa ishirini na nane na robo tatu. Binti yake alituma namba za kweli, na yeye akazikata kwa futi ya uongo. Vidole viwili vya zipu vilikuwa vyake yeye. Mwalimu hakunenepa. Mama wa duka la dawa hakunenepa. Kesho yake, mwalimu alipoambiwa, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akauliza kwa ukali ni nani atakayemlipa chai ya miezi minne. Lakini saa ile hakuna aliyecheka chumbani.

"Mtu anaghushi futi ili apate nini?" aliuliza.

"Mpira wa bei ya chini unasinyaa wakati wa kuchapa," alisema Randa. "Au wamepunguza kidogo kila futi, na kwenye futi elfu wakabakiwa na mpira wa kutengeneza nyingine bure. Sisi wanatuletea misumari ya hivyo. Ukiigonga inapinda, na kwenye boksi imeandikwa chuma cha pua."

Mama Pindo akafungua simu. Alianza na lililo jepesi, kama tufanyavyo sote. Alilitafuta lile duka: limefungwa, mwenyewe hayupo. Muda wa kurudisha bidhaa ulikuwa siku saba, nao ulishapita zamani. Lakini futi yenyewe ilikuwa bado inauzwa ukurasa uleule kwa jina la duka jingine jipya, na juu kabisa ya maoni yote, nyota tano ziking'aa, yalikuwa maneno yake. Chini yake pameandikwa kwamba watu arobaini na mmoja wamesema maoni haya yamewasaidia.

Hilo lilimchoma kuliko pesa. Watu arobaini na mmoja, na pengine wengi wao mafundi, walikuwa wamemwamini yeye, si muuzaji. Akayafuta maneno yale, akaandika mengine kwa kidole kimoja, polepole, Randa akimsomea herufi alizoruka. "Mimi ndiye niliyesifia futi hii. Nilisifia sura yake, sikupima. Inchi sitini zake ni hamsini na saba na nusu. Si Tausi Watatu. Aliyenunua kwa maneno yangu anisamehe, na alaze futi yake kando ya tepu ya chuma kabla hajakata kitambaa cha mtu." Akaweka nyota moja, akatuma malalamiko kwa wenye soko pamoja na picha ya tepu mbili mezani. Tausi Watatu wenyewe, alipofungua ukurasa wao, walikuwa wameandika zamani kwamba futi zao zina chapa iliyogongwa kwenye bati la ncha. Ya kwake ilikuwa na bati tupu. Dakika mbili zingetosha kuligundua hilo, kama angezitoa.

"Umemaliza na watu arobaini na mmoja," alisema Randa, akiwa ameegemea mlango. "Na yule mmoja?"

"Yuko kazini."

"Saa hizi ni mapumziko ya mchana. Wewe ndiye uliyeniambia saa zao."

Randa akatoka, akamvuta msaidizi wake aliyekuwa amesimama dirishani. Mama Pindo akashika simu. Wanaosema kuomba radhi ni rahisi hawajawahi kumwomba mtoto wao.

"Mama? Kuna nini?" Sauti ilikuwa ya wasiwasi. Mama yake hakuwa na desturi ya kupiga mchana.

"Hakuna aliyekufa. Mwanangu, hukunenepa."

"Nini?"

"Hukunenepa. Namba zako zilikuwa sahihi. Futi yangu ilikuwa feki. Niliinunua mtandaoni kwa bei ya kutupa, sikuangalia duka, sikusoma malalamiko, nikaisifia na mbele za watu. Nimekata gauni lako kwa futi fupi, halafu nikakusingizia mwili wako. Nimekukosea. Na si mara ya kwanza nakusemea mwili wako. Hilo nalo nimekukosea, tangu uko mdogo."

Upande wa pili zilisikika sauti za watu wakipita, toroli likisukumwa.

"Wewe, Mama? Wewe uliyeuliza maswali ya pasi siku mbili?"

"Mimi huyuhuyu."

Binti akacheka kidogo, kicheko cha puani, kikakatika. "Mama, mimi nataka kulipia lile gauni sasa hivi. Muuzaji ananipigia tangu asubuhi. Ameniambia nikilipa kabla ya saa nane ananipunguzia nusu, na nimtumie kwenye namba yake mwenyewe, maana kwenye soko pesa inachelewa."

Sauti ya Mama Pindo haikupanda. Miezi minne iliyopita angefoka. Sasa hakuwa na mahali pa kusimama afokee.

"Nani alinifundisha nisilipe nje ya soko hata mtu akinililia?"

"Mimi," alisema binti. "Nilijua, Mama. Nilitaka tu jambo hili liishe."

"Nitumie picha. Sikukatazi. Nataka nilione tu."

Picha tatu zikaingia. Lilikuwa gauni zuri, hilo hakulinyima. Alilikuza kwa vidole viwili, akaanza kulisoma kuanzia mabegani kushuka, kama asomavyo nguo ya mshindani wake. Alipofika ubavuni akasimama.

"Zipu iko kulia."

"Kwani kuna shida?"

"Zipu ya ubavuni kwenye gauni la kike hukaa kushoto. Fundi aliyeshona mkono huu hawezi kukosea hilo, huyu ni fundi kweli. Picha imegeuzwa. Tazama saa ya ukutani nyuma yake, namba zimeangalia kinyume. Mtu amechukua picha ya mwenzake, akaigeuza ili mwenyewe asiitambue. Gauni lipo, mwanangu, ila huyu anayekuuzia hajawahi kulishika. Mwambie akupigie picha moja tu, leo, zipu ikiwa wazi, na karatasi yenye jina lako kando yake. Mwenye gauni atafanya hivyo kwa dakika moja."

Binti akaandika, simu ikiwa bado hewani. Jibu lilikuja haraka, naye akalisoma kwa sauti: "Dada, masharti yako mengi, wateja wengine wanasubiri." Akaandika tena, kwa adabu, kwamba angesubiri picha. Ujumbe wa pili haukufika. Muuzaji alikuwa ameshamfungia.

"Ameondoka," alisema binti.

"Aende salama."

Mama Pindo alisimama, akalifunua pazia, akalitoa gauni jeupe akalilaza juu ya ile meza ndefu iliyozuia mlango. Aligeuza ndani nje. Fundi mzuri huacha akiba ndani ya mshono, na yeye aliiacha kila upande, na upindo wa chini ulikuwa mpana kama kiganja. Ilitosha. Alianza kufumua kwa ncha ya wembe, simu imebanwa begani.

"Gauni lako nalipanua, kwa futi ya kweli. Thelathini itakuwa thelathini. Utalivaa, ukitaka. Usipotaka, hilo nalo nitalielewa."

Sauti ya binti ilishuka.

"Mama, tangu ile siku nakula mara moja. Zaidi ya wiki tatu sasa. Juzi nilitaka kuanguka wodini."

Wembe ukasimama. Mama Pindo alijifuta macho kwa kitu cha karibu, na kitu cha karibu kilikuwa ukingo wa bitana ya gauni.

"Leo umekula nini?"

"Chai."

"Kantini iko wazi?"

"Iko wazi."

"Nenda. Usikate simu. Gauni litakufuata wewe, mwanangu, si wewe ulifuate gauni. Nenda ukae, uagize, ule. Mimi niko hapa nafumua."

Akasikia hatua, mlango, sauti ya mtu akiuliza unataka nini, na mwanawe akitaja chakula, akanyamaza, kisha akaongeza kingine. Kiti kikaburutwa. Kijiko kikagusa sahani. Mama Pindo alifumua mshono wa kushoto wote, kisha wa kulia, akisikiliza mtoto wake akila.